Mita Mia Nne za Mwalimu Hosiana

Pale Nyamtondo, kijiji kilichojibanza nyuma ya vilima vya Nyarugusu, mtu akikuambia anakwenda kwa Mwalimu usimuulize mwalimu yupi. Shule ya kata ina walimu kumi na wawili na wote wana heshima yao, lakini Mwalimu ni mmoja, Hosiana Ngusa wa hisabati. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kukutazama kwanza kabla ya kukujibu, hata kama umemuuliza saa ngapi sasa. Wapo wanaosema anaringa. Si kweli, anahakikisha tu, na watu wa kuhakikisha huwa wanatuchosha sisi wengine.

Alizaliwa hapohapo Nyamtondo. Baba yake, mzee Ngusa, alimaliza ujana wake Songwa akichambua mchanga wa almasi, akarudi na macho mabovu na redio moja. Mama yake, Generosa, hakuwahi kuvuka Geita mjini mpaka siku alipokwenda Dar es Salaam kwenye mahafali ya binti yake. Hosiana alisoma hisabati chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza, akaongeza ya pili, na walimu wake walimtaka abaki afundishe hukohuko. Mzee Ngusa akafariki mwaka huohuo. Hosiana akafunga sanduku lake, akarudi kwa mama, akaomba kazi katika sekondari ya kata, na hajawahi kumweleza mtu kama aliumia au hakuumia.

Alichokisomea katika ile shahada ya pili ni jambo la kueleweka ukitulia. Chukua kitu chochote kinachosambaa na huku kinageuka: moshi, ugonjwa, sumu ardhini. Kinatoka penye wingi kwenda penye uchache, na njiani sehemu yake inaoza au inageuka kitu kingine. Wataalamu wameuandika mlinganyo wa jambo hilo, mfupi, mstari mmoja tu, lakini ukitaka kuutatua wote kwa kalamu utazeeka nao. Kwa hiyo unaukatakata. Njia unaigawa vyumba, wakati unaugawa hatua, na katika kila chumba unauliza maswali mawili: jirani wa kushoto na wa kulia wameniletea kiasi gani, na humu ndani kimepotea kiasi gani? Ukishajibu kwa vyumba vyote umesogea hatua moja. Unaanza tena. Hayo ndiyo yaliyomkalisha Hosiana maktaba miaka miwili, na mama yake alipomuuliza amesomea nini hasa, alimjibu, "Kujua kitu kitafika lini, mama."

Generosa aliona hiyo ni elimu ya maana, akawasimulia majirani.

Sasa, juu ya kijiji, kule korongo linakoanzia, Marselino alijenga plenti, mtambo wa kutolea dhahabu. Marselino ni kijana wa palepale, aliyeanza na sururu na kamba katika maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya watu mpaka akapata lake. Akanunua marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha kwa zebaki na bado una dhahabu ndani, akajenga matangi ya saruji, akaanza kuuloweka kwa sayanaidi. Maji machafu yalikwenda kwenye bwawa alilolitandika nailoni nzito. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri niliseme hilo mapema. Alimwamkia Hosiana shikamoo hata akiwa ndani ya gari, na alisimamisha gari kwanza.

Masika ya mwaka jana ukuta wa bwawa ulitoka jasho. Ndivyo walivyosema waliouona: haukupasuka, ulitoka jasho tu upande wa chini, mahali mchanga wa korongo unapoanza. Korongo hilo ni mto wakati wa mvua, na kiangazi ni mchanga mweupe mtupu unaoteremka mpaka kwenye kisima cha pampu, ambacho ndicho kinachonywesha kijiji. Maofisa walikuja, wakachukua chupa zao za maji, wakasema majibu ya maabara yatachukua muda. Wiki zikapita. Mwenyekiti wa kijiji, Benjamini, akaitisha mkutano, na mkutano ulikuwa wa moto. Wengine walitaka plenti ifungwe leo, wengine walikuwa na watoto wao wanaofanya kazi humo.

"Mwalimu," Benjamini alisema watu walipochoka kupigana maneno, "wewe si ulisomea mambo haya? Mama yako ametuambia miaka yote. Hii sumu itafika kisimani lini?"

Watu wote wakageuka. Hosiana akamtazama mwenyekiti kwanza, kama kawaida yake. Moyoni alisikia kitu ambacho alikuwa hajakisikia tangu alipotoka chuo, na tukiseme tu, ilikuwa furaha. Miaka kumi na mitano alikuwa akifundisha watoto kutafuta eneo la pembetatu. Leo kijiji chake kilikuwa kimeuliza swali lilelile alilokuwa akilijua.

"Nipeni wiki tatu," alisema.

Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu, wala asije mtu akasema alilipua kazi. Alipima korongo kwa kamba, kuanzia chini ya ukuta wa bwawa mpaka kwenye pampu, akapata mita mia nne na kidogo. Urvi, rafiki yake wa chuo ambaye familia yake inauza mabomba na pampu pale Shinyanga mjini, alimtumia bomba refu la plastiki kwa basi. Hosiana akalijaza mchanga wa korongoni, akalilaza nyuma ya jiko, akamimina chumvi upande mmoja na kupima upande wa pili kila siku, ili ajue mchanga ule unapitisha vitu kwa kasi gani. Sayanaidi inavyooza udongoni alisoma kwenye vitabu: alikadiria sehemu moja katika mia kila siku. Kisha akakata zile mita mia nne vyumba ishirini vya mita ishirini ishirini, akaweka hatua ya siku kumi kumi, akaanza kujaza daftari kubwa la miraba baada ya vipindi.

Vyumba ishirini havikumtosha. Alitaka picha iliyo karibu zaidi na kweli, akavikata tena vikawa arobaini, vya mita kumi kumi, na safari hii akatumia kompyuta yake ndogo. Namba zikaingia wazimu. Chumba kimoja kilisema kina sumu nyingi kuliko bwawa lenyewe, cha pili yake kikasema kina sumu pungufu ya sifuri, na kila hatua mambo yalizidi. Alihangaika siku mbili. Siku ya tatu akampigia Urvi simu akamsomea.

"Hatua yako ni siku ngapi?" Urvi aliuliza.

"Kumi. Kama mwanzo."

Urvi akacheka kidogo. "Dada Hosi, umesahau somo la kwanza. Chumba ukikigawa nusu, wakati unaugawa robo. Umeruka hatua ndefu kuliko chumba chenyewe kinavyoweza kubeba."

Hosiana alijipiga paji la uso. Hilo ndilo kosa la kwanza wanalofundishwa wanafunzi wa fani hiyo, na yeye mwenyewe aliwahi kulisahihisha kwenye kazi za wenzake. Akaweka siku mbili na nusu. Namba zikatulia mara moja, zikashuka taratibu kutoka ukutani kwenda kisimani kwa mpango mzuri. Akavikata vyumba tena nusu, mita tano tano, akaweka hatua ya saa kumi na tano, na jibu likabaki lilelile. Urvi naye akafanya yake Shinyanga, bila kutazama ya mwenzake, na wakakuta wamefika pamoja. Wale wanaozijua kazi hizi wanajua raha ya siku ya namna hiyo. Walikuwa wamelipata kosa, wamelitoa, na wote wawili waliona kama makosa yamekwisha.

Jibu lilikuwa hili: sumu itasambaa, lakini inaoza haraka kuliko inavyosogea. Kisimani haitafika hata sehemu moja katika milioni ya ile iliyomo bwawani, si mwaka huu wala miaka kumi ijayo. Hosiana alilinakili lile jedwali la vyumba arobaini kwenye daftari kwa mkono wake, kurasa mbili zinazotazamana, na safu ya mwisho kabisa, ya kisima, akaizungushia kalamu nyekundu.

Kabla hajalipeleka kwa mwenyekiti alimwonyesha mama yake. Generosa alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua choroko, na Hosiana akamchorea mstari: hapa ukuta wa Marselino, hapa mchanga, hapa pampu.

"Na sisi tuko wapi humu?" Generosa aliuliza.

"Hapa, mama. Mwisho."

"Mbali hivyo?"

"Mbali hivyo."

Generosa aliuangalia mstari kwa muda, akataka kusema neno, kisha akaona binti yake alivyokuwa amechangamka. Alikuwa hajamwona hivyo tangu msiba wa baba yake. Akarudi kwenye choroko zake. "Mungu akubariki, ng'wana wane," alisema.

Karatasi ya Mwalimu ilisomwa mkutanoni na watu wakapiga makofi. Ilikuwa na sentensi nne tu na saini. Marselino aliomba nakala, akaiweka kwenye nailoni safi, akaibandika getini kwake. Akaahidi pia kuuziba ukuta, na aliziba, kwa namna yake. Wale waliotaka plenti ifungwe wakanyamaza. Generosa aliwaambia wanawake wenzake kwamba wasiwe na hofu, Hosiana amekwishapiga hesabu, maji ni salama. Hivyo ndivyo alivyosema, maji ni salama, na hakuna aliyemuuliza maji yapi.

Mimi naweza kuwaambia maji yapi, na Hosiana angeweza, kama angekumbuka. Kisima cha pampu cha Nyamtondo kinakauka. Si kukauka kabisa. Ikifika Julai unapampu mara hamsini kupata ndoo moja, na ikifika Agosti wanawake wanakiachia shule na zahanati, wao wanakwenda korongoni kuchimba mchanga. Wanachimba shimo, wanasubiri maji yajikusanye, wanachota kwa kata. Shimo likikauka wanahamia juu kidogo, penye unyevu, na lile likikauka wanahamia tena. Bibi zao walifanya hivyo. Hosiana mwenyewe alifanya hivyo akiwa mtoto, ndoo kichwani, nyuma ya mama yake. Lakini ni miaka ishirini na tano sasa. Nyumba za walimu zina simtanki la maji ya mvua, na kwenye ramani ya wilaya kisima cha Nyamtondo ni alama moja ya buluu, imekaa mahali pamoja mwaka mzima.

Mwezi wa nane Generosa alipanda kwa binti yake kumpelekea viazi vitamu. Ilikuwa wiki ya mitihani ya majaribio na Hosiana alikuwa na marundo ya karatasi mezani.

"Mwaka huu tumepumzika," Generosa alisema. "Kule juu mchanga umelowa, hatuchimbi hata magotini. Miaka mingine saa hizi tunazama mpaka kiunoni."

"Ni vizuri, mama," Hosiana alisema, na mkono wake haukuacha kusahihisha.

Maneno hayo amekwisha kuyarudia kichwani mara zisizo na idadi. Mchanga umelowa, mwezi wa nane, na mvua iliisha Mei. Maji hayo yatoke wapi? Mtoto wa kidato cha kwanza angeuliza.

Jirani wa Generosa aliitwa Paskazia, mjane, mama yake Fredy. Walikuwa wameolewa Nyamtondo mwaka mmoja, wakazika waume zao miaka tofauti, na walichota maji pamoja maisha yao yote. Paskazia alikuwa na ugonjwa wa moyo na alipenda kuwahi, maana maji ya mchangani ya kwanza kabisa, yaliyojikusanya usiku kucha, ndiyo maangavu. Siku moja ya Oktoba aliwahi kama kawaida, na mbuzi wake wanne. Wanawake wengine walipofika kumepambazuka vizuri waliwakuta mbuzi wamelala wamekufa kuzunguka shimo, na Paskazia amekaa mchangani, mikono yote miwili kifuani, anahema haraka haraka. Kata ilikuwa bado kwenye maji. Walimbeba kwa pikipiki mpaka zahanati. Mganga alifanya aliloweza, na kabla ya saa nne alikuwa amefariki.

Hosiana alikuwa darasani. Aliyekuja kumwita ni Melania, kiongozi wa jumuiya ya akina mama. Alipomaliza kusema, Hosiana alimuuliza kitu kimoja.

"Shimo lilikuwa wapi?"

"Kule juu, Mwalimu. Karibu na kwa Marselino. Mwezi huu tunachota kule, miaka yote."

Hosiana akaweka chaki mezani. Wanafunzi wake wanasema alitazama ubao muda mrefu, ingawa ubaoni hapakuwa na kitu kigumu. Akakaa kwenye kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya kipindi.

Kwenye msiba alikwenda. Kuna watu walidhani hatakwenda, na kuna waliomshauri asiende. Alivaa kitenge chake cheusi, akaingia uani kwa Paskazia, akawaamkia wakubwa, akakaa kwenye jamvi karibu na mama yake. Generosa hakuinua uso. Alikuwa ameshika kata ya Paskazia, ile iliyotolewa shimoni, na tangu jana hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Wanawake walisogea kumpisha Hosiana nafasi. Hakuna aliyemsema, hakuna aliyenong'ona, na yeye alitamani wamseme.

Marselino alikuwa amefunga plenti siku ileile bila kuambiwa, akaleta boza la maji kutoka Nyarugusu mjini. Boza lilisimama barabarani tangu asubuhi na hakuna aliyekwenda kulifungua. Yeye mwenyewe alikaa mbali, kwenye jiwe, kofia mikononi.

Fredy alifika mchana kutoka Bulyanhulu, anakofanya kazi chini ya ardhi, na vumbi la safari mwilini mwake. Alilia kwanza, kama inavyopasa. Kisha akaja moja kwa moja mpaka pale kwenye jamvi la wanawake, ambapo wanaume huwa hawafiki, akachuchumaa mbele ya Hosiana. Mkononi alikuwa na ile karatasi, pamoja na nailoni yake. Alikuwa ameibandua getini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fredy. Pole, baba."

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Imeandikwa maji ni salama."

Hosiana alikuwa na jibu. Na jibu lenyewe lilikuwa kweli tupu. Karatasi ilisema maji ya kisima ni salama, na maji ya kisima yalikuwa salama. Hata leo yapo salama, maabara imekwisha kuthibitisha. Mama yako hakunywa ya kisima. Kila neno lilikuwa kwenye ulimi, limepangwa, na hakuna mtu pale uani ambaye angeweza kulipinga. Alimtazama Fredy, akamtazama mama yake na ile kata. Jibu lile akalimeza.

"Nilipima njia ya sumu," alisema. "Njia ya mama yako sikuipima. Na niliijua. Nimekua nayo."

Fredy aliinamisha kichwa. Wapo wanaume waliokuwa wamesimama tayari kumshika, maana alikuwa kijana mwenye nguvu na mwenye haki ya kukasirika. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Itakaa kwangu," alisema, akaondoka kwenda kuchimba kaburi na wenzake.

Hapo Hosiana alilia. Si kilio cha sauti, na hakujifunika uso. Alilia macho wazi, na mama yake kwa mara ya kwanza tangu jana akaiweka kata chini, akamshika mkono.

Mambo ya msiba hayangoji. Watu walikuwa wengi, uji wa waombolezaji ulikuwa haujapikwa, na mapipa yalikuwa matupu. Melania alikuja na ndoo mbili mbili mikononi na wanawake sita nyuma yake. Hosiana alifuta uso, akasogea ili wapite. Hawakupita.

"Mwalimu," Melania alisema, "tuambie tukachote wapi."

Aliuliza bila kejeli. Ningependa kusema ilikuwa kejeli, maana kejeli ingekuwa nyepesi kubeba. Walikuwa wanamuuliza kwa sababu ni Mwalimu, kama walivyomuuliza kwenye mkutano, na wangekwenda popote atakaposema. Hosiana aliwatazama mmoja mmoja, na safari hii hakuwa anahakikisha kitu. Aliogopa.

"Sijui," alisema. "Hilo neno nilipaswa kulisema mwezi wa nne. Leo chukueni ya boza. Mkimaliza mazishi, nawaomba mnionyeshe mnakochimba."

Wanawake wakaenda barabarani, na boza likafunguliwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi walishuka korongoni, wanawake kumi na mmoja na Hosiana na daftari lake. Walikuwa na vijiti vya mtama vilivyokatwa. Melania alianza: Julai mimi huwa hapa, akachomeka kijiti mita chache tu juu ya pampu. Mwingine akachomeka wa kwake mbele kidogo. Agosti hapa. Agosti mwishoni hapa, kwenye kona, maana jua likizidi pale panapoa. Septemba hapa. Walibishana kidogo, walisahihishana, mmoja akachomoa kijiti akakisogeza hatua tano, na wote wakakubali kwamba ndipo. Hosiana aliwafuata nyuma. Vijiti vilipanda korongo kimoja baada ya kingine, vinaelekea ukutani. Alikuwa ameufanyia kazi mstari huu wiki tatu na hakuwahi kuuona ukitembea.

Walipofika karibu na bwawa walisimama. Mchanga pale bado ulikuwa mweusi kwa unyevu. Shimo lilikuwa limefukiwa, na juu yake Benjamini alikuwa ameweka miiba.

"Hapa ni pa Mama Fredy, juu yetu sote," Melania alisema, na hakuna aliyekuwa na kijiti cha Mama Fredy.

Generosa alikuwa na kimoja cha ziada. Alipiga magoti kwa shida, akakichomeka kando ya miiba, akakikandamiza kwa viganja mpaka kikasimama. "Alipenda kuwahi," alisema.

Hosiana alipima kwa hatua zake kutoka ukutani. Mita thelathini na nane. Akakaa palepale mchangani, akafungua daftari kwenye zile kurasa mbili zinazotazamana, kwa sababu alitaka kuanza hesabu upya na alitafuta pa kuanzia. Kidole chake kikaenda safu ya nne, chumba cha kuanzia mita thelathini mpaka arobaini, kikashuka mpaka Oktoba.

Namba ilikuwapo. Sifuri nukta mbili tano. Robo ya sumu ya bwawani, kwenye chumba cha nne, mwezi wa Oktoba, kwa mwandiko wake mwenyewe, tangu Aprili. Hesabu haikukosea hata kidogo. Urvi alikuwa na namba hiyohiyo Shinyanga. Waliikokotoa wote wawili, kwa sababu bila ya kupita chumba cha nne huwezi kufika cha arobaini, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuitazama, maana jicho lilikuwa kwenye kalamu nyekundu.

Wanawake nao wakakaa, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Hakuna aliyemharakisha. Mwisho Generosa akamsogelea, akauangalia ukurasa ambao hawezi kuusoma.

"Na sisi tuko wapi humu?" aliuliza.

Hosiana alichukua kalamu. Juu ya safu ya nne, mahali palipokuwa na namba tupu ya chumba, aliandika Paskazia. Kisha akamwomba Melania aseme tena taratibu, yeye Septemba huchimba wapi.